Picha za Namba Moja

Siku niliyogundua kwamba wazee saba kati ya tisa wameshindwa kulala bila kutikisika, nilitaka kuipiga kompyuta ngumi. Sikuipiga kwa sababu ilikuwa ya kuazima. Nilitoka nje, nikaizunguka nyumba yetu ya Mwankoko mara mbili huku upepo ukinitupia mchanga usoni, nikarudi ndani na hasira ile ile niliyotoka nayo.

Nieleze kwanza kazi yenyewe. Nilikuwa nimerudi nyumbani kumalizia tasnifu ya shahada ya pili, na swali langu lilikuwa moja tu: mtu aliyekulia Kinyaturu na kujifunza Kiswahili baadaye, ubongo wake unafanya nini anaposikia hadithi kwa lugha ya nyumbani, na unafanya nini anapoisikia kwa Kiswahili? Swali hilo lilinikaa tangu darasa la kwanza, nilipokuwa naulizwa kwa lugha moja na kufikiri kwa nyingine. Sasa nilikuwa nimepata mashine ya kuliuliza.

Mashine yenyewe iko katika hospitali ya mji mwingine, safari ya basi ya karibu siku nzima. Ni sumaku kubwa yenye tundu katikati. Unalazwa chali, kichwa kinabanwa kwa sponji huku na huku, unavalishwa hedifoni, unasukumwa ndani, na mashine inaanza kupiga picha ya ubongo wako kila baada ya sekunde mbili, kwa kelele ya mtu anayegonga bati. Dakika ishirini zinatoa picha mia sita. Kila picha inaonyesha ni wapi katika ubongo damu imeongezeka, na ukizipanga kwa mfuatano unaona, kweli unaona, mtu akisikiliza. Mara ya kwanza nilipoona hilo kwenye kioo cha kompyuta nilimshika mkono fundi wa mashine bila hata kumwomba radhi.

Tatizo ni kwamba picha hizo hazitaki mchezo. Ukigeuza kichwa kidogo tu, hata chini ya milimita moja, picha ya wakati huo imeharibika. Na haiharibiki kiungwana kama picha ya simu inayotoka na ukungu ukajua kabisa kwamba mkono ulitetemeka. Hii inadanganya. Inakuonyesha ubongo umechangamka mahali fulani, kumbe ni shingo iliyochangamka. Kwa hiyo kabla ya kuuliza swali lolote, unapitia picha zote, na kila ambapo kichwa kimesogea kupita kiwango mlichokubaliana, picha hiyo unaitoa. Unatoa na moja ya kabla yake na mbili zinazofuata, maana uharibifu huwa unaacha mkia. Na mtu aliyepoteza zaidi ya nusu ya picha zake, yeye mwenyewe anatoka katika utafiti. Zilizobaki hazitoshi kumsemea.

Nilipomweleza mama hayo alikuwa anapepeta uwele uani. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sasa si ndiyo hii? Makapi nje, punje ndani. Mwaka mzima unasoma kupepeta?"

"Mama, huku kwangu makapi yana sura ya punje."

"Basi una kazi," alisema, akaendelea.

Nilikuwa na kazi kweli, na nilikuwa naipenda kupita kiasi. Kuna watu wanapenda kutafuta vitu. Mimi napenda kutoa. Kila picha mbovu niliyoitoa ilinipa raha ya kutoa jiwe kwenye mchele kabla halijafika kwenye jino la mgeni. Nilivaa hedifoni zangu asubuhi, nikakaa sebuleni mbele ya kompyuta, na nikikumbuka kula ilikuwa ni kwa sababu mama amenisogezea sahani ya ugali na mlenda juu ya makaratasi yangu makusudi.

Nilianza na vijana. Walikuwa tisa, wote wa kwetu, wote wamesoma, na picha zao zilikuwa safi, mbovu huku moja, kule tatu, mahali mmoja alipopiga chafya. Nikafurahi. Nikaingia kwa wazee nikiwa nimevimba kichwa, na hapo ndipo kompyuta iliponitolea orodha: mzee wa kwanza, ametoka. Wa pili, ametoka. Wa tatu, wa nne. Wawili waliponea chupuchupu. Saba nje.

Ilikuwa Alhamisi. Jumatatu nilitakiwa kumtumia msimamizi wangu orodha ya mwisho ya waliobaki na waliotoka. Tulikuwa tumepewa ile mashine kwa wiki moja tu na wiki hiyo ilishapita, hivyo hakuna kurudia. Bila wazee sina tasnifu, maana vijana wetu siku hizi wanaota kwa Kiswahili. Swali langu lilikuwa la wazee. Lakini hilo halikuniuma sana kama jambo la pili. Namba moja katika orodha ya wazee, na aliyepoteza picha nyingi kuliko wote, alikuwa baba yangu.

Baba hakuwa kwenye mpango. Msimamizi hakutaka ndugu za mtafiti, na alikuwa na sababu. Ila nilipozunguka hapa Mwankoko na upande wa Ikungi kuomba wazee wajitolee, kila nyumba nilikaribishwa vizuri, nikapewa maziwa, nikasikilizwa, na mwisho nikaulizwa swali lile lile: baba yako ameshaingia humo? Nikisema bado, wanatikisa kichwa taratibu. Sumaku ambayo mtoto hajamwingiza mzazi wake, wao waingie kufanya nini? Nilimpigia msimamizi simu nikamwambia hali ilivyo. Akakubali, kwa sharti kwamba watu wote wataitwa kwa namba na kwamba namba moja atapimwa kwa kipimo kile kile cha wengine.

Baba aliingia wa kwanza. Alitoka amekunja uso kwa ile kelele, akavaa kofia yake, akawaambia wenzake waliokuwa kwenye benchi, "Ni kulala tu. Mlale." Wakaingia wote wanane, mmoja baada ya mwingine, kwa neno lake. Na waliporudi nyumbani ni baba aliyekuwa akiulizwa kila Jumapili baada ya ibada, na kila Ijumaa na wale wanaotoka msikitini, kwamba vichwa vyetu vimesemaje? Naye anajibu kwamba mtoto bado anasoma majibu, subirini.

Kwa hiyo Alhamisi ile niliporudi ndani, nilikuwa na wazee saba waliosafiri bure, na mmoja wao ni baba aliyewapeleka. Mtu mwenye busara angetulia kwanza. Mimi nilikwenda moja kwa moja alipokaa.

"Baba, ulitikisa kichwa."

Alikuwa anasikiliza redio. Akaipunguza sauti. "Wapi?"

"Kwenye mashine. Mlitikisa wote, ila wewe umezidi. Niliwaambia msisogee."

"Nililala kama maiti."

"Picha zinasema ulisogea zaidi ya nusu ya muda."

"Basi hizo picha ni za mtu mwingine," alisema baba, akaipandisha redio sauti.

Nikasema maneno ambayo nisingependa kuyaandika hapa, kuhusu watu wasiojua kufuata maelekezo. Mama akaniita jikoni kwa sauti ya kuniambia nije niumwagie moto maji, na moto haukuwepo. Akaniambia niondoke mbele ya mzee mpaka nipoe. Sikupoa. Nilikwenda kulala nikiwa namwandikia msimamizi barua kichwani, barua ya kuomba tulegeze kiwango. Ukipandisha kiwango kidogo tu, picha nyingi zinarudi. Na ukizirudisha nyingi, wazee wanarudi. Ni kubadilisha tarakimu moja. Hakuna ambaye angejua isipokuwa mimi, na ningejua kila siku.

Asubuhi ya Ijumaa nilifanya kitu ambacho nilipaswa kukifanya mwanzoni kabisa. Mpaka hapo nilikuwa nimeangalia kila mzee ametoa picha mbovu ngapi. Sikuwa nimeangalia ni zipi. Ndivyo nilivyo, nikipata jumla naona nimemaliza. Nilichukua daftari la mraba, la kufanyia hesabu, nikaanza kuchora kwa mkono mwendo wa kichwa cha kila mzee: mraba mmoja picha moja, kichwa kikitulia mstari unalala, kikisogea mstari unapanda. Nilichora wa namba mbili. Nikachora wa namba tatu chini yake. Wa baba niliuruka. Nilikuwa bado nimemkasirikia.

Nilipofika namba tano mkono ulisimama wenyewe.

Mistari ilikuwa inapanda mahali pamoja. Si karibu karibu, hapana, pale pale. Kwa takriban dakika moja mstari umejaa miiba, dakika inayofuata umelala chali, kisha miiba tena, kisha kulala. Namba mbili, namba tatu, namba nne, namba tano, watu wanne wasioishi nyumba moja, walioingia mashineni kwa nyakati tofauti, walitikisika pamoja na kutulia pamoja kama wanakwaya. Nilichora namba sita kwa haraka mpaka nikachana karatasi. Hivyo hivyo.

Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena. Makapi hayapangwi hivyo. Mtu anayejikuna pua hajikuni kwa ratiba. Kama vichwa vyote vinasogea kwa wakati mmoja, basi kuna kitu kinavisogeza, na kitu pekee walichokuwa nacho wote humo ndani, ukiacha ile kelele, kilikuwa sauti masikioni.

Sauti hiyo ilikuwa yangu. Nilikuwa nimerekodi hadithi kumi fupi, tano kwa Kinyaturu na tano kwa Kiswahili, mambo ya kawaida: mbuzi aliyepotea, mgeni aliyekosea nyumba, mvua iliyokatisha harusi. Kila moja dakika mbili. Niliifungua rekodi, nikasogeza mpaka mahali miiba ya kwanza inapoanza, nikasikia sauti yangu ikisema kwa adabu zote, "Shikamoo."

Halafu kimya kidogo.

"Habari za nyumbani?" Kimya kidogo. "Watoto hawajambo?" Kimya. "Na ng'ombe je?" Kimya. "Mvua huko kwenu?" Kimya. Na kadhalika, karibu dakika nzima kati ya zile mbili, ndipo hadithi inaanza. Katika zile za Kinyaturu ilikuwa ndefu kidogo kuzidi, maana kwa lugha ile kuna mambo zaidi ya kuuliza. Hadithi ya pili, salamu upya. Ya tatu, upya. Mara kumi.

Hakuna aliyeniambia niweke salamu. Hazikuwemo kwenye mpango wa utafiti, msimamizi hakuziandika, sikuziandika mimi. Siku ya kurekodi niliwaza kwamba watakaosikiliza ni wazee, mdomo ukafunguka wenyewe. Ningeanzaje kumsimulia mzee habari za mbuzi kabla ya kumwamkia? Na nilipouliza, nilinyamaza ili nijibiwe, ndani ya chumba ambamo nilikuwa peke yangu na simu ya kurekodia. Vijana hazikuwahusu. Kijana akisikia shikamoo anajua kwamba haikuja kwake, anatulia. Wazee walijua imekuja kwao.

Nilipiga kelele. Mama alikuja mbio akidhani ni nyoka.

"Walikuwa wananijibu!" nilimwambia. "Mama, walikuwa wananijibu salamu!"

Mama alinitazama mikono, kisha miguu, alipoona niko salama akauliza kwa nini wasijibu.

Nilitaka ushahidi. Mtafiti akiona jambo zuri namna ile anapaswa kulitilia shaka kwanza, na mimi nilikuwa naliamini kwa mwili mzima, jambo ambalo ni hatari. Nikaenda kwa baba. Nilimwomba msamaha haraka haraka, kwa namna ya mtu anayetaka kitu kingine, nikamwomba alale kwenye mkeka sebuleni na asitikisike. Baba ni mtu wa kisirani lakini hakatai changamoto. Alivua kofia, akalala, akafumba macho. Mama ndiye aliyeleta wazo la kizibo cha soda. Alikijaza maji akakiweka katikati ya paji la uso wa baba, akasema, "Maji yakimwagika tumekukamata."

Nikamvalisha hedifoni. Nikawasha.

Sauti yangu ilipomwamkia, midomo yake ilifunguka ikafunga. Haikutoka sauti, au kama ilitoka ilikuwa ndani ya koo. Kidevu kilishuka kidogo, kizibo kikainama, na maji yakateremka taratibu mpaka kwenye nyusi. Alipoulizwa habari za ng'ombe kizibo kilianguka kabisa.

Nikazima kabla hadithi haijaanza. Nilichotaka nilikuwa nimeshakipata.

"Umejibu," nilisema.

"Sijasema kitu," alisema baba, anajifuta jicho.

"Umesema marahaba, baba. Mama ameona."

Mama alikuwa ameegemea ukuta, kanga mdomoni, mabega yanatingishika kwa kicheko. Baba alimtazama, akanitazama mimi, akachukua kile kizibo akakichunguza kana kwamba kosa lilikuwa lake. Kisha alicheka na yeye. Nilijua kwamba amenisamehe ya jana, au angalau ameyaweka pembeni.

Nilimpigia msimamizi wangu papo hapo nikiwa nimesimama mlangoni ambako mtandao unashika. Ni mama mtu mzima, mkali, hapendi maneno mengi, na mimi nilimmwagia yote bila kupumua: miiba, dakika, salamu, kizibo.

"Niliisikiliza hiyo rekodi ofisini kabla hatujaitumia," alisema. "Niliitikia marahaba. Sikuona ajabu yoyote."

Tulicheka wote wawili. Yeye akaacha kwanza.

"Sasa unataka kufanya nini?"

Nilikuwa nimeshapanga. Wazee walitikisika wakati wa salamu tu. Hadithi ilipoanza walitulia, na wengine walitulia kuliko hata vijana. Basi tuzitoe dakika zote za salamu, kwa kila mtu, mzee kwa kijana, aliyesogea na asiyesogea, pamoja na picha mbili za mwanzo wa kila hadithi kwa ajili ya ule mkia. Tusizihesabu kabisa. Kisha tupime upya ndani ya hadithi peke yake, kwa kiwango kile kile, bila kulegeza hata unywele, na sheria ya nusu ibaki palepale.

"Na kuhusu salamu zenyewe huwezi kusema neno lolote kwenye tasnifu," alisema. "Huzijui. Umezitupa."

"Sitasema."

"Na utaandika kwamba kosa ni lako."

"Nitaandika ukurasa mzima."

"Nusu inatosha. Lakini niambie kitu kimoja. Unafanya hivi kwa sababu ni sahihi, au kwa sababu namba moja ni mzazi wako?"

Swali lilinichoma. Nikamwambia yote mawili. Akasema afadhali nimesema. Akaniagiza niiandike kanuni mpya nimtumie kabla sijafungua picha yoyote, na kwamba hesabu ataifanya mwanafunzi mwenzangu kule chuoni ambaye hajui namba ipi ni nani. Nikishaituma siigusi tena, hata ikimtoa nani. Nikasema sawa, hata ikimtoa nani. Siku ile ningesema sawa kwa lolote. Nilikuwa na uhakika.

Jumamosi na Jumapili sikukaa. Nilikwenda mjini bila sababu nikarudi. Nilimsaidia mama kuanika alizeti, nikamwaga nusu yake chini kwa haraka zangu, akanifukuza. Baba alikwenda kanisani, na aliporudi mama aliniambia kwamba amewaeleza wenzake kuhusu kizibo na kwamba walimcheka mpaka wakashika magoti, kisha kila mmoja akaapa kuwa yeye hakujibu. Nilijiona kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani wa watu tisa.

Yalikuja Jumatatu saa saba mchana. Faili lilikuwa dogo, safu mbili tu, namba na neno. Nilianza kusoma kutoka chini, kwa woga. Namba tisa, amebaki. Namba nane, amebaki. Saba, sita, tano. Nilikuwa nimeshaanza kupiga meza kwa kila namba, mama ananiuliza kutoka uani nimepatwa na nini. Nne, tatu, mbili, wamebaki. Wazee wanane, picha zao za hadithi zimetulia kama maji ya mtungini. Tasnifu ilikuwa hai. Swali langu lote la utotoni lilikuwa hai, na furaha niliyokuwa nayo sikumbuki kuwa nayo hata siku ya kufaulu kidato cha sita.

Namba moja, ametoka.

Nilisoma mara tatu. Kisha nikachukua daftari la mraba na kuuchora ule mstari nilioukataa Ijumaa. Salamu, miiba. Hadithi, miiba. Miiba midogo, ya mara kwa mara, kila baada ya sentensi moja au mbili, hadithi zote kumi mpaka mwisho. Haikuhitaji kizibo. Alikuwa akiitikia simulizi nzima, eeh, eeh, kama mtu mzima anavyomwitikia anayemsimulia ili ajue kuwa anafuatwa. Wenzake walinijibu salamu kisha wakakumbuka kulala. Yeye hakulala.

Kidole changu kilikuwa juu ya kompyuta. Nilijua kuna namna. Kwa mtu mmoja tu, nikilegeza kidogo tu, picha zake zingetosha. Niliwaza uso wake akiwa mbele ya wale wanane. Nikatoka nje kabla sijawaza zaidi.

Baba alikuwa kivulini upande wa nyuma ya nyumba, anachonga mpini wa jembe. Nilichuchumaa karibu yake.

"Majibu yamekuja," nilisema. "Wenzako wote wanane wamerudi kwenye utafiti."

Aliweka kisu chini. Uso ulimfunguka wote. "Wote?"

"Wote."

"Nilijua tu," alisema, na kwa muda alitazama njia inayokwenda kwa jirani yake namba nne, nadhani alitaka kwenda kumwambia saa ile ile. Kisha akanigeukia. "Na mimi?"

"Wewe umetoka, baba."

"Kwa salamu?"

"Salamu tumezitoa kwa watu wote. Wewe ulisogea hata kwenye hadithi. Zote kumi. Ulikuwa unaitikia."

Nilijiandaa akatae, kama alivyokataa Alhamisi na kama alivyokataa na maji yanamtiririka usoni. Hakukataa. Aliokota kisu, akakwangua sehemu ya mpini ambayo ilishalainika tayari.

"Niliitikia," alisema. "Ilikuwa sauti yako."

"Lakini ulijua ni rekodi. Mimi nilikuwa nje na fundi, uliniona kwenye kioo."

"Nilijua." Alipuliza vumbi la mti. "Hapa nyumbani unaniamkia huku unapita, masikio umeziba. Nikijibu umeshakaa kwenye meza yako. Mle ndani uliuliza habari za ng'ombe, ukanyamaza, ukasubiri nijibu. Ukauliza habari za mvua, ukasubiri. Halafu ukanisimulia. Sasa mimi ningenyamaza?"

Hakusema kwa kulalamika. Alisema kama anayenieleza njia ya kufika mahali. Mimi ndiye niliyeshindwa kutazama juu. Nilimwambia pole, akasema pole ya nini, wenzake si wamepita. Nilirudi ndani nikaituma orodha kama ilivyo, namba moja ametoka, sababu: kusogea kwa kichwa. Ilikuwa sababu ya kweli na sikuongeza neno.

Asubuhi ya Jumanne nilimkuta uani ananawa uso. Hedifoni nilikuwa nimeziacha juu ya kitanda.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

Nilibaki nimesimama. Alinitazama juu ya kopo la maji, nadhani alidhani kwamba nataka kuomba kitu. Nikamuuliza habari za ng'ombe, nikanyamaza. Jibu lilichukua karibu nusu saa, maana ndama mmoja alikuwa anaumwa wiki ya pili sasa, na mimi niliyekuwa nikilala katika nyumba hiyo hiyo nilikuwa sijui.